Izime Uiwashe Kabla Hujamshuku Mtu

Ninyi mnaoanza kazi hii leo, mkiona kioo cha laptop kimewaandikia kwa rangi nyekundu kwamba draiva zenu zimechakaa, na chini yake kuna kitufe cha kijani cha kuzirekebisha zote kwa mkupuo mmoja, ondoeni mkono kwanza. Mtu usiyemjua akija mlangoni kwako hujamwita, akakwambia unaumwa, na dawa anayo mfukoni, utameza? Mimi simezi. Nitamuuliza kwanza nani kamtuma.

Naitwa Nyangeta. Nimetengeneza kompyuta hapa Musoma miaka mingi, kwenye chumba kimoja cha kupanga kule Kamunyonge, mpaka mgongo uliponiambia basi. Walikuwa wananiita Mama Mashaka, na hawakukosea. Nilimshuku mteja, niliushuku umeme, niliishuku kila flashi iliyoingia mlangoni, hata chaja niliyonunua kwa mkono wangu niliipima kabla ya kuichomeka. Mashaka hayo yaliniokoa mara nyingi. Mara moja yalinifanya nimchafue mtu asiye na kosa, tena aliyenifundisha kazi, na jina lake mpaka leo halijatakata. Anaitwa Mzee Magesa. Yuko hai, anaishi Guta, kule Bunda. Nitawaeleza mambo ya draiva kadiri ninavyoyajua, lakini nawaambia mapema kwamba nimekaa kuandika kwa ajili yake.

Draiva ni kiprogramu kidogo kinachokifanya kifaa kielewane na mashine. Sauti ina draiva yake, kamera ina yake, Wi-Fi ina yake, na lile bamba la kugusa kwa kidole lina yake. Ikikosekana, au ikiwekwa isiyo yake, kifaa kizima kabisa kinakaa kimya kama kimekufa. Wateja wengi hawalijui hilo. Wanachojua ni kwamba juzi kitu kilikuwa kinafanya kazi, leo hakifanyi, na katikati hapo laptop ilikuwa kwa fundi. Mtu akipiga hesabu hiyo, jibu lake ni moja tu, na jibu hilo ni wewe.

Zamani draiva zilikuja kwenye CD, ndani ya boksi la kompyuta. Kuna mteja mmoja, mkulima, nilimbana anieleze CD yake iko wapi. Akasema iko shambani. Nikaona huyu ananichezea, kwa hiyo nikamwambia aniletee hiyo ya shambani niione. Akaileta kesho yake. Alikuwa ameitoboa na kuining'iniza kwenye mtama pamoja na nyingine alizookota, zimetamete jua likipiga, zifukuze ndege.

"Zinafanyaga kazi vizuri sana, mama," akanihakikishia. "Ndege hawagusi kabisa."

CD ilikuwa na mavi ya ndege. Kwa hiyo hata hilo sikuliamini.

Siku hizi draiva zinatoka mtandaoni, na hapo ndipo wengi wenu mnapojifunga wenyewe. Unapiga windo upya, yaani unaweka Windows mpya, laptop inawaka safi, halafu Wi-Fi haipo. Draiva ya Wi-Fi iko mtandaoni, na mtandaoni huendi bila Wi-Fi. Nimeona vijana wenye vyeti wakizunguka hapo asubuhi nzima kama mbwa anayefukuza mkia wake. Chukua simu yako, ichomeke kwa waya kwenye laptop, uigawe bando kupitia waya huo huo, kisha ushushe draiva polepole. Usikimbilie kuazima flashi ya fundi wa jirani. Hujui imelala wapi jana.

Na sisi wenyewe tulikuwa tunashukiwa. Sijui kama mnafanya hivyo bado, lakini kwetu mteja alikuwa haachi laptop mpaka vifaa vyake viwekewe alama. Tulifungua mbele yake, tukatoa rami, betri na hadi diski, akaweka nukta ya rangi ya kucha kwenye kila kimoja. Akirudi, tunafungua tena, anatafuta nukta yake. Kina mama wa Kigera walikuja na rangi zao kwenye pochi. Wanaume walitumia chupa yangu, nyekundu, na wengine wakishamaliza walificha vidole visionekane vimedondokewa. Niliupenda utaratibu huo, maana ulifunga midomo. Kasoro yake ni moja: kadi ya Wi-Fi haikuwekewa nukta. Ni kidogo, ina maandishi mengi juu yake, na hakuna aliyewaza kwamba mtu ataiba kitu cha ukubwa wa stempu.

Mzee Magesa ndiye aliyenishikisha bisibisi mara ya kwanza. Nilikuwa mchapaji, nachapa barua za watu kwenye stationari, na yeye alikuwa anakuja kutengeneza printa. Akaniona ninavyomchungulia. Hakuniuliza kwa nini mwanamke anataka ufundi. Alinipa printa mbovu akasema, "Ifungue. Ukishindwa kuirudisha, si mbovu tayari?" Miaka ilipita, nikapanga chumba changu, na macho yake yalipoanza kudhoofika nikamwita aje tufanye wote. Kwa hiyo mwalimu akawa chini ya mwanafunzi. Yeye hakuona tabu. Mimi, nikisema kweli, nilipenda watu waone.

Alikuwa na kanuni zake za draiva, na mpaka leo sijasikia nzuri zaidi. Draiva usiibadilishe kwa sababu ni ya zamani, ibadilishe kwa sababu unayo sababu: kifaa kinasumbua, au mtengenezaji ametangaza kwamba ameziba tundu la wezi, au umepiga windo jipya. Ichukue kwa aliyetengeneza laptop, siyo kwa anayejipendekeza. Kabla ya kuweka mpya, tunza njia ya kurudi kwenye ile ya mwanzo. Weka moja, zima, washa, jaribu, ndipo uende kwa nyingine. Na laptop isitoke mezani kabla haijazimwa kabisa na kuwashwa tena mbele ya macho yako, kwa sababu draiva nyingine haianzi kazi mpaka mashine izimwe. Ukiifunika tu kama kitabu, umefunika na kosa lako humo ndani.

Kanuni aliyoipenda kuliko zote ilikuwa hii: "Laptop usiiamini jina. Uliza kifaa chenyewe." Alikuwa na maana kwamba laptop mbili za jina moja, zimenunuliwa siku moja, zinaweza kuwa na kadi za Wi-Fi za watengenezaji wawili tofauti, na draiva ya hii ikaiua ile. Kila kifaa kina namba zake, zimeandikwa juu yake, na ukifungua orodha ya vifaa kwenye mashine utazikuta humo humo. Ili kutufundisha hilo, alitunza kadi mbovu tatu kwenye leso. Alizipanga mezani, zote zinafanana, akakwambia usome namba, umwambie ipi ni ya nani. Mimi nilifundishwa kwa kadi hizo. Shikeni neno hilo, maana ndilo linalonichoma.

Siku hiyo mkuu wa shule moja ya sekondari upande wa Butiama, Mwalimu Nyabise, alileta laptop yake isafishwe feni. Ilikuwa inapata moto na kunguruma. Mzee Magesa akaifungua, akatoa vumbi, akafunga. Akaenda kula. Mimi nikabaki nayo, na nilikuwa na flashi yenye programu ya kutafuta draiva zote na kuzisasisha zenyewe, niliyoipata kwa fundi mmoja aliyeisifu sana. Mama Mashaka, niliyezishuku chaja, siku hiyo nilikuwa na haraka. Foleni ilikuwa ndefu. Nikabonyeza kitufe cha kijani.

Ikamaliza, ikaniomba niizime na kuiwasha. Mwalimu alikuwa amesimama mlangoni ameshika mkoba, anawahi gari la Butiama. Nikaangalia, Wi-Fi inashika, kila kitu sawa. Nikaifunika, nikampa.

Kesho yake akanipigia. "Mama, Wi-Fi haipo. Siyo kwamba haishiki. Haipo kabisa, hata jina lake halionekani. Fundi wa hapa kaangalia, anasema mmeitoa kadi."

Ningemwambia nini? Kwa akili timamu, ningemwambia airudishe tuifungue pamoja. Lakini akili yangu ilikuwa imeshakimbilia kwenye leso. Kila jioni Mzee Magesa alikuwa anaondoka na leso yake kwenye begi, na ndani ya leso mna kadi. Kikulacho ki nguoni mwako, nikajiambia. Nikasahau kabisa kwamba kadi zile nilizijua kabla hata sijapanga chumba.

Alipoingia, kulikuwa na wateja wawili wamekaa kwenye benchi. Sikungoja watoke. Nikasema, "Mzee, hebu fungua begi."

Akadhani namtania. "Unatafuta nini?"

"Fungua tu."

Akalifungua mwenyewe. Akatoa mche wa sabuni, kofia, na leso. Nikaifungua leso juu ya meza, kadi tatu zikatoka. Mteja mmoja akaguna.

"Nyangeta," akasema, "unazijuaga hizi. Nimekufundishia hizi hizi."

"Kadi zote zinafanana, na ya Mwalimu Nyabise haipo."

"Basi zisome namba. Halafu mwambie mwalimu alete laptop, tuifungue wote tukiwa tumesimama hapa. Umeiwasha upya kabla hujampa?"

Swali hilo lilikuwa zuri mno, na mimi nililichukua kama ujanja. Anataka kunigeuzia kosa, nikawaza. Nikamwambia kama anaona ofisi yangu haina utaratibu, milango iko wazi. Alizikunja kadi kwenye leso, taratibu, kona kwa kona. Akavaa kofia. Hakuaga, na si kawaida yake, kwa sababu hata akienda chooni alikuwa anaaga.

Nilimwambia fundi mmoja tu, tena nikamsihi iwe siri. Habari zilifika Bunda kabla Mzee Magesa hajafika kwake. Alikuwa na wateja wake wa zamani pale Bunda mjini, na mafundi waliokuwa wanamletea kazi zilizowashinda. Wote wakaacha. Akisimama karibu na meza ya mtu, mtu anavuta vifaa vyake karibu. Lisemwalo lipo, walisema. Na mimi nililala usingizi mzuri, nikiona nimesafisha ofisi.

Baada ya kama mwezi, Mwalimu Nyabise akaja na laptop yake nimwekee kadi nyingine niliyomwahidi. Nilikuwa nimeshaitafuta, nimeishika mkononi. Nikafungua skrubu za chini, nikaondoa kifuniko, nikaangalia mahali pa kuichomeka. Palikuwa na kadi. Imekaa pale, imefungwa na skrubu yake, waya mweusi na waya mweupe vimebana juu yake, haijaguswa na mtu.

Mwalimu akauliza kuna nini.

Nikaifunga, nikaiwasha, nikaenda kwenye orodha ya vifaa. Nikafungua pale panapoonyesha draiva iliwekwa lini. Tarehe ilikuwa ile ile ya kusafishwa feni. Saa ilikuwa saa ya chakula cha mchana. Na draiva yenyewe ilikuwa ya kadi ya mtengenezaji mwingine, ndugu wa jina tu. Nikabonyeza kurudisha ile ya mwanzo, nikazima, nikawasha. Majina ya mitandao yakajipanga kwenye kioo, mpaka wa saluni ya jirani.

"Kumbe ilikuwemo?" mwalimu akasema. "Sasa yule mzee mlimwondoshea nini?"

Niliona aibu mpaka masikio yakapata moto. Sijui hata kama nilimsindikiza.

Nilikwenda Guta siku ya pili yake, nikashuka Bunda na kuchukua bodaboda. Nikamkuta anapalilia mihogo. Nikamwamkia shikamoo, akaitika marahaba vizuri tu, akaendelea na jembe. Nikamweleza yote nikiwa nimesimama kwenye tuta: flashi, kitufe cha kijani, tarehe, saa. Sikuficha. Nikamwomba msamaha, nikamwomba arudi ofisini.

Alipomaliza mstari wake ndipo akaegemea jembe. "Begi langu ulilifungulisha mbele ya nani?"

"Wateja wawili."

"Na nani mwingine ulimwambia?"

Nikamtajia yule mmoja.

"Na yeye akawaambia akina nani?"

Hilo sikulijua.

"Basi mimi nimekusamehe," akasema. "Lakini hapa shambani hakuna mtu aliyeniitaga mwizi. Hayo maneno usiyalete kwangu, yapeleke ulikoyaacha."

Nikaona ni jambo dogo. Nikazunguka Musoma nzima, meza kwa meza, nikarudi Bunda nikafanya vile vile. Mzee Magesa hakuiba, nikawaambia, kosa ni langu, niliweka draiva isiyo yake. Na nini kilitokea? Hawakuniamini. Mmoja akaniuliza kwa sauti ya chini kama mzee ananitishia. Mwingine akasema, "Mama, mmeshaelewana wenyewe, sisi tuacheni." Wa tatu alicheka tu, akasema tangu lini Wi-Fi ikaondoka kwa draiva. Fundi mzima! Nilimweleza mpaka povu likanitoka, nikamchorea na picha. Akaitikia kwa kichwa, na nikajua kabisa kwamba haniamini, kwa sababu mimi mwenyewe nilikuwa nawaitikia watu hivyo hivyo.

Nikarudi Guta na malalamiko. "Hawataki kunisikia, Mzee."

"Nenda tena," akasema.

Nilikwenda tena. Nikaja kumwambia tena. Akanijibu neno lile lile, safari hii hata jembe hakuliacha. Nilifunga ofisi, nikastaafu, na bado nilikuwa nachukua gari la Bunda nikawasemeshe watu wasionitaka. Wengine wakiniona kwa mbali wanajifanya wanaongea na simu.

Safari ya nne, juzi juzi hapa, nilifika kwa fundi mmoja wa Bunda aitwaye Chacha. Ana hasira za karibu, na mara zote tatu alikuwa amenifukuza. Nikaanza wimbo wangu. Akaniacha niumalize. Kisha akainama chini ya meza, akatoa laptop yenye vumbi.

"Hii bamba lake la kugusa limenishinda," akasema. "Nimeweka draiva tatu, zote inakataa. Mpelekee Mzee Magesa. Mwambie ni Chacha."

Niliipakata mpaka Guta. Njiani nilimwambia dereva wa bodaboda apunguze mwendo mara nyingi hata akanuna.

Mzee Magesa alinawa mikono, akavaa miwani, akakaa kwenye kiti chake barazani. Akaigeuza laptop, akasoma karatasi iliyobandikwa chini yake, akatikisa kichwa. Jina halikumtosha, alitaka kifaa chenyewe. Akachukua bisibisi. Halafu akasita, akanyoosha kidole kwenye kigoda.

"Kaa hapo."

Nikakaa.

"Sogea. Karibu zaidi, uone."

Akafungua skrubu ya kwanza. Akainyanyua juu, mbele ya uso wangu, mpaka nikaiona vizuri. Akaiweka kwenye sahani ya bati. "Moja," akasema. Akafungua ya pili, akainyanyua vile vile. "Mbili."

Mzee ambaye alinipa printa niifungue peke yangu na kuondoka zake bila kugeuka, sasa hawezi kufungua skrubu bila shahidi. Nilishindwa. Nikageuza uso nikawa natazama mihogo.

"Usiangalie pembeni, mwanangu," akasema. "Angalia mikono."